Rivolva ya .22 inaposhikwa na ukoga wa madini ya risasi: maswali yenu

Maswali ya safari hii yote yanahusu rivolva za .22, yaani bastola zenye silinda inayozunguka na zinazotumia risasi ndogo za kipenyo cha inchi 0.22 hivi, na ukoga, yaani utando mgumu wa uchafu unaoganda ndani yake. Kabla ya kufuata jibu lolote hapa, toa risasi zote, kagua kwa macho kila chemba (tundu la silinda linalobeba risasi), kisha peleka risasi chumba kingine.

Nikipiga risasi hamsini hivi, silinda inaanza kuwa nzito kuzunguka. Nikisafisha inapona, halafu tatizo linarudi. Kwa nini?

Usianze kusugua. Chukua tochi uangalie kwanza uchafu umekaa wapi, maana ukishausugua umefuta ushahidi.

Kati ya uso wa silinda na nyuma ya mtutu kuna mwanya mwembamba, kwa kawaida kati ya milimita 0.1 na 0.25. Kila unapofyatua, gesi ya moto huponyoka hapo ikiwa imebeba masizi na madini ya risasi, na vyote hivyo huganda pande zote mbili. Mwanya ukiwa wa kubana, utando kidogo tu unatosha kuleta msuguano. Dalili yake ni mkwaruzo wa duara unaong'aa mbele ya silinda.

Usipouona, geuza silinda utazame nyuma, chini ya ile nyota inayosukuma maganda. Chembe moja ya baruti isiyoungua ikinasa pale, nyota hailali vizuri, makalio ya risasi yanasimama nje kidogo na kukwaruza fremu. Wengi husugua mtutu kutwa nzima na kosa liko hapa! Pitisha mswaki mkavu chini ya nyota. Na unapotoa maganda, elekeza mdomo wa mtutu juu, usukume fimbo ya kutolea maganda kwa nguvu mara moja, ili chembe zianguke chini pamoja na maganda.

Nilitumia risasi fupi za .22 Short kwa muda mrefu. Sasa zile ndefu za .22 Long Rifle zinaingia nusu tu.

Ganda la Short lina urefu wa milimita 10.7 hivi, la Long Rifle 15.6. Mbele ya ganda fupi hujijenga pete ya masizi na madini ya risasi, na ganda refu linagota hapo. Loanisha chemba kwa dawa ya kusafishia bunduki, iache ifanye kazi, kisha ingiza brashi ya bronzi kutokea nyuma huku ukiizungusha. Rudia mpaka risasi iingie kwa uzito wake yenyewe.

Nakusihi usiigongegonge ili iingie. Kiwashio cha risasi hizi kimo ndani ya ukingo wa kitako, palepale unapogonga. Hata ukifaulu kuisukuma karibu ifike, mara nyingi haitalipuka kwa pigo la kwanza, kwa sababu nguvu ya nyundo inaishia kuisogeza mbele.

Mwenzangu aliyesimama kando yangu alirukiwa na kipande cha risasi shavuni. Ni ukoga?

Acha kuitumia kwanza. Safisha koo la mtutu, yaani sehemu ya nyuma inayopokea kichwa cha risasi kikitoka kwenye silinda, lakini kabla ya hapo tazama ukoga ulivyokaa. Ukizunguka koo lote sawasawa, huenda ni uchafu wa kawaida. Ukirundikana upande mmoja, chemba haikai sambamba na mtutu na kichwa kinanyolewa kila kinapopita. Hiyo ni kazi ya fundi wa silaha, ambaye hupitisha fimbo ya kupimia kutoka mdomoni mwa mtutu hadi ndani ya kila chemba. Usijaribu kurekebisha kwa tupa. Na hata rivolva isiyo na kasoro hutema kidogo pembeni, kwa hiyo watu wasimame nyuma ya mpigaji, na miwani ivaliwe na wote.

Nimeambiwa siki iliyochanganywa na haidrojeni peroksaidi huyeyusha ukoga wote. Nijaribu?

Hapana. Mchanganyiko huo hugeuza madini ya risasi kuwa chumvi yenye sumu inayoyeyuka majini na kuingia mwilini kwa urahisi, tena hula rangi ya chuma. Zungushia nyuzi chache za shaba kwenye brashi kuukuu, usugue koo la mtutu. Zijaribu kwanza kwa sumaku: zikishikwa, ni chuma kilichopakwa shaba, zitupe. Vaa glavu, futa kwa kitambaa chenye unyevu, usipulize vumbi, na usifanyie kazi hii kwenye meza ya chakula.

Risasi zilizopakwa shaba zitamaliza tatizo?

Zinaweza kulipunguza, ila shaba yenyewe ni utando mwembamba tu. Mara nyingine risasi ya kawaida yenye nta nzuri huacha uchafu mdogo zaidi. Piga idadi ileile ya kila aina, ukisafisha katikati, ulinganishe koo la mtutu.