Nitakusahauje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijana wangu wa kidato cha tano anasema Warumi, pamoja na barabara na sheria zao zote, walikuwa wakitupa watoto wachanga waziwazi. Ni kweli? Na dini ilipoingia, walikoma? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Kijana hajakudanganya. Enzi zangu za ualimu nilikuwa na barua moja niliyoinakili kwa mkono, nikiwasomea wanafunzi kila mwaka. Hilarion, aliyekwenda kutafuta riziki Alexandria, alimwandikia mkewe Alis mwaka 1 kabla ya Kristo. Ilifukuliwa Oxyrhynchus, mji wa kale wa Misri, nchi iliyokuwa chini ya Warumi. Anamwambia asihangaike wenzake wakirudi yeye akabaki. Anamsihi amtunze mtoto wao mdogo. Ujira ukitoka tu, atamtumia. Kisha, hata pumzi hajavuta: ukijifungua wa kiume, mwache aishi, wa kike, mtupe. Papo hapo anaendelea: uliniagiza nisikusahau, nitakusahauje?

Darasa lilikuwa likinyamaza hapo. Angekuwa mlevi anayempiga mkewe, wangemwelewa. Huyu anampenda mkewe, na mtoto wa kike kampachika katikati ya ujira na mapenzi kama mtu anayeagiza sabuni.

Si kila aliyetupwa alikufa. Wapo waliookotwa na kulelewa wawe watumwa, na katika nyaraka za Misri utakuta watu wazima waitwao Kopreus au Kopria, yaani wa jalalani. Wala si wote walioridhia. Wayahudi walilea kila mtoto, jambo lililomshangaza Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, na Musonius Rufus, mwanafalsafa asiye Mkristo, alikemea kutupa watoto.

Sasa dini. Mwaka 374 sheria ilitamka kwamba anayeua mtoto mchanga naye auawe. Hata hivyo Constantine, mfalme Mkristo, mwaka 331 alikuwa amemruhusu aliyeokota mtoto amfanye mwanawe au mtumwa, apendavyo. Ikangojwa mpaka 529 mfalme Justinian aseme aliyeokotwa ni mtu huru. (Karne iliyofuata, kule Uarabuni, ikashuka Surat At-Takwir kuhusu binti aliyezikwa hai. Tanga hamhitaji nieleze.)

Kukoma, hawakukoma. Mwaka 787 padri Datheus alifungua Milan nyumba ya watoto wa kutupwa. Ila tazama sababu aliyoiandika: wanawake waliopata mimba nje ya ndoa wanawaua watoto ili wasijulikane. Hilarion hakuwa na la kuficha. Aliandika kwenye barua ambayo yeyote angeweza kuisoma. Maadili mapya yaliufanya uhai wa mtoto kuwa kitu cha kulindwa, na maadili hayohayo yakamtia mama hofu ya kuonekana naye. Kitabu chetu cha shule kilisifu nusu ya kwanza tu. Nilikuwa nikiiongeza ya pili ubaoni, mkaguzi apende asipende.

Datheus aliwawekea watoto hao wanawake wa kuwanyonyesha kwa malipo. Wakikua walifundishwa kazi ya mikono, kisha wakaachwa waende zao, huru.