Ukishahamisha kanda za video za nyumbani, usikimbilie kubana mafaili

Mwaka juzi nilitoa kanda 7 za VHS kwenye kabati la mama pale Tanga, kuna harusi ya mama mdogo ya 1995, kuna maulidi, kuna arobaini ya mdogo wangu, nikazihamishia kwenye kompyuta kwa deki ya kuazima na kile kidude cha USB cha kunasia picha. Kuhamisha kulienda vizuri tu, shida ilianza baadaye maana kanda moja ya dakika 180 ilinitolea faili la GB 11, na kompyuta ilikuwa imebakiza nafasi ya GB 40 hivi.

Nikafanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma. Faili la harusi nikalibana mpaka MB 700, nikaangalia dakika mbili za mwanzo, mchana, watu wamekaa mkekani wametulia, nikaona safi, nikafuta lile kubwa. Mama alipokuja kuliangalia kwenye TV, ile sehemu ya usiku ya ngoma, uso wa bibi ulikuwa vipandevipande kama vigae, macho huyaoni kabisa. Nikasema sawa narudia kutoka kwenye kanda, deki ikaukamata utepe ikaukunjakunja, dakika kama 4 hazirudi tena. Bibi alifariki 2003 na hatuna video yake nyingine.

Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, lile faili la kwanza kutoka kwenye deki ndo faili mama, halifutwi, halibanwi, linakaa kwenye diski ya nje (hard disk) na nakala nyingine iwe kwenye diski tofauti, ikiwezekana nyumba tofauti. Kila unapobana video kwa njia hizi za kawaida kuna kitu kinatupwa na hakirudi, ukibana kilichokwisha kubanwa unatupa juu ya kutupa. Nakala zote za kugawa zitoke kwa mama moja kwa moja, kila nakala ibanwe mara moja tu.

Jambo la pili, kata kabla hujabana. Kanda zetu zina vipande vingi vya bure, zile dakika 20 za bluu mwishoni, chenga, mpiga picha kasahau kuzima kamera anatembea nayo inaonyesha viatu vyake. Mimi natumia programu ya LosslessCut, ya bure, inakata bila kuenkodi (kubana) upya, yaani picha inabaki vilevile na kazi ya saa nzima inaisha ndani ya dakika chache. Inaweza kuanzia nusu sekunde kabla ya pale ulipotaka, isikusumbue. Ila kata taratibu jamani, na sauti iwe wazi. Kuna sehemu nilitaka kuitoa, kamera imeelekea ukutani tu kama dakika nzima, nikavaa hedifoni kwa bahati, nikamsikia bibi kwa nyuma anasema "funikeni hilo sufuria la pilau, nzi hao", akacheka. Hiyo dakika ya ukuta sasa ndo tunayoipenda kuliko zote.

Kubana sasa. Programu ya HandBrake inatosha, nayo ya bure. Chagua H.264 (namna ya kubana video) na faili liwe la MP4, H.265 inatoa faili dogo zaidi lakini TV nyingi za zamani majumbani zinaigomea na wazee ndo wanaoangalia hivi vitu. Kwenye kiwango cha ubora weka RF 20, namba ikishuka ubora unapanda na faili linakua, kwa picha za saizi ya VHS baki kati ya 18 na 22. Usipange saizi ya faili kwanza kama nilivyofanya mimi, panga ubora, saizi itajileta yenyewe, kwangu imekuwa GB 1 mpaka 1.5 kwa saa moja. Na jaribu kwanza dakika moja ile mbaya kuliko zote, ngoma ya usiku, watu wanazunguka, taa moja. Ikipita hiyo mengine yote yatapita.

Halafu kuna ile mistari kama meno ya kitana pembeni ya mtu anayetembea. Kanda za huku kwetu, za ule mfumo wa TV unaoitwa PAL, zilichora picha nusunusu, mistari ya witiri halafu ya shufwa, nusu 50 kwa sekunde. Humo kwenye HandBrake washa Yadif, kichujio cha kuondoa hiyo mistari, chagua Bob, fremu ziwe 50 kwa sekunde, mwendo unalainika kama ulivyokuwa kwenye TV ya zamani. Usipoiondoa hiyo mistari inaharibu picha na inakula nafasi bure.

Chenga nazo zinakula nafasi vibaya sana, maana kompyuta inadhani kila punje ni kitu kinachosogea inabidi ikihifadhi. Weka kichujio cha chenga hqdn3d kwa kiwango cha chini, cha chini tu, ukizidisha nyuso zinakuwa kama za nta. Kata pia ule ukingo wa chini kabisa wa picha unaochezacheza.

Usikuze picha kuwa 1920×1080. Asili yake ni 720×576, ukikuza unabeba nukta mara 5 na hakuna sura hata moja itakayoongezeka. Sauti nayo iache 128 kbps (kilobiti kwa sekunde), kwa saa nzima ni MB 58 hivi, ukiishusha mpaka 64 umeokoa MB 29 tu na umemwondoa bibi na sufuria lake.

Fleshi ikikataa faili wakati nafasi ipo, angalia kama ni FAT32, hiyo haipokei faili la zaidi ya GB 4, iformati iwe exFAT (hamisha vilivyomo kwanza, inafuta kila kitu). Na wasap usitume kama video ya kawaida, inabana upya, tuma kama dokumenti.

Kwangu mafaili mama ya kanda zote 7 yamechukua GB 72, nakala za ndugu zimeingia kwenye fleshi ya GB 32 na nafasi imebaki. Mama mdogo yuko Muscat, yake nimempa mtu anayesafiri Ijumaa.