Kinjeketile darasani, na wale askari

Swali lenu la juma hili: dhuluma za kale zifundishwe na mwalimu wa fasihi, au aachiwe wa historia? Nafundisha Kiswahili sekondari, Songea. Nasema wa fasihi naye afundishe, ila asituletee hadithi ya wabaya kule na wema huku.

Chukueni Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Kwenye historia mwanafunzi anakariri sababu (kodi, pamba ya kulazimishwa, viboko), anazimwaga kwenye mtihani, basi. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, inaanza na wanawake wanaoongelea uhaba wa chakula, waume zao wakitumikishwa shambani kwa Mjerumani. Vijana wangu wanaujua mwezi wa pili ulivyo mahindi yakiwa bado machanga, kwa hiyo hapo sielezi sana.

Tunapokawia ni mwishoni. Kinjeketile, mganga aliyewapa wapiganaji maji ya dawa, yu kifungoni, anatakiwa atamke kwamba maji hayo yalikuwa uongo. Anakataa: akisema hivyo, watoto wataambiwa babu zao walikosea kupigana. Lakini watu wamekwisha kufa wakiamini maji yatawakinga na risasi. Analo la kujibu au hana? Nawaacha wabishane mpaka kengele. Huwakumbusha pia kwamba Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa vibichi, na kwamba Hussein mwenyewe anatahadharisha katika utangulizi kuwa wa kwenye tamthilia ni wa kubuni.

Kisha nawauliza: katika vita hivyo maghala ya chakula ya wanavijiji yalichomwa na nani? Maofisa walikuwa Wajerumani, lakini askari wengi walikuwa Waafrika, wakiwemo Wasudani, Wanyamwezi na Wamanyema. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko bunduki. Yapo makadirio yanayofika watu 300,000. Hapo namwita Yusuf wa Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah aliyoitafsiri Ida Hadjivayanis. Ni kijana aliyetolewa na babake kufidia deni, na mwisho wa yote anaukimbilia msafara wa askari wa Mjerumani. Anafuata nini kule? Majibu ninayopata hapo huwa bora kuliko ya kitabu cha mwongozo.

Mjini kwetu jambo hili halijapoa. Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa hapa, na makaburi yapo pale Makumbusho ya Maji Maji. Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja akaomba msamaha. Tulipolijadili hilo, binti mmoja wa Kimatengo akanyoosha mkono: "Mwalimu, na sisi atatuomba msamaha nani?" Darasa likaangua kicheko, utani ukapamba moto, maana babu zake walikimbilia milimani kuwakwepa Wangoni haohao kabla Mjerumani hajatia mguu. Sikumnyamazisha. Nilimpa kazi akamhoji bibi yake, na kijana wa Kingoni akamhoji babu yake, wakaja kusoma mbele ya wenzao.

Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba nawachonganisha watoto. Nikamwambia haya watoto wameyasikia nyumbani siku nyingi, tena yakiwa na chumvi. Darasani angalau wanayasema mbele ya anayehusika, naye ana nafasi ya kujibu. Hakuridhika sana. Muhula huu kidato cha tatu wanaandika onyesho fupi: askari amerudi kwao likizo, mama yake anamuuliza nguo zinanuka moshi wa nini.