Vali ya umeme haitii amri? Pima signali kabla ya kufungua mota

Kwenye vituo vya pampu na viwanda vya hapa Mwanza, vali ya umeme ikigoma lawama huangukia mota. Fundi anafungua gia, anapoteza siku nzima, kumbe kosa liko kwenye nyaya mbili nyembamba za signali, yaani mkondo mdogo unaobeba amri kutoka chumba cha udhibiti.

Kwanza mjulishe aliye chumba cha udhibiti. Signali ikikatika, pozishona (kifaa kinachosoma signali na kuiweka vali mahali pake) huipeleka vali pale ilipopangiwa: ifunge, ifunguke au ibaki ilipo. Ikifunga huku pampu inasukuma, bomba linaweza kupasuka. Kumbuka pia kwamba ndani ya mfuniko huo huo kuna umeme wa volti 230 au 400.

Weka swichi kwenye LOCAL (kuendesha hapo hapo kwenye vali), uiendeshe vali kwa vitufe vyake. Ikienda na kurudi vizuri, mota na gia ni vizima. Ikigoma hata hapo, achana na signali, kagua umeme, fyuzi na swichi za mwisho wa mwendo.

Sasa rudisha REMOTE, vali itii amri ya mbali (wengi husahau), na upime. Kwa kawaida miliampea 4 ni kufunga kabisa na 20 ni kufungua kabisa. Kila asilimia ni 0.16 juu ya 4, kwa hiyo asilimia 75 ni miliampea 16. Huna haja ya kukata waya: kama kitabu cha pozishona kinasema ukinzani wa kuingilia ni ohm 250, pima volti za DC kwenye terminali zake. Volti 3 ni miliampea 12, volti 5 ni 20.

Ukipata sifuri, tafuta waya uliokatika au chanya na hasi zilizogeuzwa. Signali ikitulia lakini vali inacheza mbele na nyuma, ongeza kidogo ukanda wa kutulia (tofauti ndogo ya signali ambayo vali huipuuza), kisha zima umeme na upime potenshiometa (kikinza kinachoonyesha vali imefunguka kiasi gani) huku ukizungusha gurudumu la mkono: ohm zipande taratibu bila kuruka. Signali yenyewe ikirukaruka, simamisha kwa muda pampu yenye inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota). Ikitulia, kebo yako imelazwa pamoja na za pampu. Zitenganishe, na wavu wa chuma unaozunguka nyaya ndani ya kebo ya signali ufungwe ethi upande mmoja tu, kwenye paneli.

Adui mkubwa wa huku ziwani ni unyevu. Usiku kisanduku kikipoa, mvuke hugeuka maji juu ya terminali na sehemu ya mkondo huvujia humo. Pima ncha zote mbili za kebo: paneli ikitoa 12 na vali ikapata 11.4, kuna uvujaji njiani. Kausha, safisha ukungu wa kijani, ziba matundu yasiyotumika kwa kizibo cha chuma, si kwa tepu. Hita ya ndani iwake muda wote, hata vali ikiwa haifanyi kazi.

Halafu radi, Ziwa Victoria ni kati ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani. Kebo inayotoka nje ya jengo iwekewe kinga ya radi ncha zote mbili, na kila kinga iwe na ethi fupi. Baada ya mvua ya radi, chomoa nyaya na upime ukinzani wa kuingilia. Ukikuta karibu sifuri au hakuna usomaji kabisa, kadi ya pozishona imeungua. Ukiibadilisha, ifundishe upya mwisho wa kufunga na wa kufungua, kisha ijaribu kwa miliampea 4, 8, 12, 16 na 20, kupanda na kushuka.