Dante hakutoka Brazil moja kwa moja kwenda Bayern
Hapana mkuu, unasema Dante, beki wa Brazil, alitoka kwao moja kwa moja kwenda Bayern Munich, lakini Bayern walimchukua kutoka Borussia Mönchengladbach, klabu nyingine ya Ujerumani, kiangazi cha 2012, kwa kipengele cha mkataba kilichomruhusu kuondoka kwa euro milioni 4.7. Bei ya kutupa kwa beki wa kati wa mguu wa kushoto. Msimu wake wa mwisho pale, 2011/12, Gladbach walimaliza wa 4 na kufungwa mabao 24 tu kwenye ligi, na mwaka mmoja nyuma walikuwa wameponea kwenye mchujo wa kushuka daraja dhidi ya Bochum.

Kabla ya hapo: Juventude, kisha Lille ya Ufaransa kuanzia Januari 2004 (huko nafasi ya kucheza ilikuwa ya kusaka), Charleroi, halafu Standard Liège, zote za Ubelgiji, na Standard ndiko alibeba ubingwa wa Ubelgiji 2008. Gladbach alitua Januari 2009. Baada ya Bayern akapita Wolfsburg msimu mmoja, kisha Nice 2016 hadi 2025, akastaafu na miaka 41.

Makombe matatu ya Bayern ya 2013 (ligi, kombe la Ujerumani na Ligi ya Mabingwa) ni kweli anayo. Ila ile penalti waliyopata Dortmund kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Wembley aliisababisha yeye, mguu wake ulimfika Reus wa Dortmund tumboni, na tayari alikuwa na njano. Refa alimhurumia.

Na kwenye 7-1 ya 2014, Brazil walipofungwa na Ujerumani nusu fainali ya Kombe la Dunia, hakuwa chaguo la kwanza la Brazil. Alipangwa kwa sababu beki Thiago Silva alikuwa anatumikia adhabu ya kadi, kwa hiyo tusimtwishe mzigo wote.