Taa ya upepo wa tairi inapepesa na upepo uko sawa
Hapo mara nyingi shida ni sensa, kile kifaa kidogo ndani ya gurudumu kinachopima upepo na kuutuma usomaji kwa mawimbi ya redio. Kwa gari nyingi, upepo ukipungua kweli taa huwaka bila kupepesa. Ikipepesa kama dakika nzima baada ya kuwasha gari ndipo ibaki imewaka, mfumo haupati mawimbi ya gurudumu mojawapo. Mara nyingi ni betri: imefungiwa ndani ya sensa, hudumu miaka 5 hadi 10, na ikiisha unanunua sensa nzima. Fundi azisome sensa zote kwa mashine kabla hajang'oa tairi hata moja. Sensa mpya iwe na masafa ya redio yaleyale, 315 au 433 MHz, la sivyo haitasomeka. Ila kama umefunga tairi ya spea, huenda haina sensa kabisa.