Maswali na Majibu: Kategoria Haina Kazi Kwenye Anwani

Barua za safari hii zimetoka kwa wanaojenga tovuti za kugawana nyongeza za programu. Nyingi zinaulizia rangi ya kitufe cha kupakua. Hizo nimeziacha.

Nimeandaa kategoria 43. Zinatosha?

Zimezidi. Anza na nane. Kategoria ni ya mtu anayepitapita kuangalia. Anayejua anachotaka huandika kwenye kisanduku cha kutafutia. Mengine yabebwe na lebo, zisizozidi tano kwa kila nyongeza, zote kwa herufi ndogo, na awepo mtu wa kuziunganisha. Asipokuwepo, utakuwa na "picha", "Picha" na "mapicha" kama lebo tatu tofauti. Na ukiweka kategoria ya "Nyinginezo", wavivu wote watahamia humo.

Anwani ya ukurasa wa nyongeza nimepanga iwe /picha/vichujio/toleo-2/jina. Ni sawa?

Si sawa, na swali hili linarudi kila mara kana kwamba halijawahi kujibiwa. Anwani isibebe kitu chochote kinachoweza kubadilika. Nyongeza iliyo ya vichujio leo, mwakani itaongezewa uchapishaji. Ukiihamisha kategoria, viungo vyote vilivyotawanyika nje vinakufa. Toleo nalo hubadilika kuliko vyote.

Andika /nyongeza/jina-fupi, ukomee hapo. Matoleo yakae chini yake: /nyongeza/jina-fupi/matoleo/2.1.0. Jina fupi liwe na herufi ndogo, tarakimu na kistari tu, na lisibadilike hata msanidi akibadili jina la kuonyesha. Kategoria, lebo na mmiliki viwe safu za hifadhidata, zibadilike zitakavyo bila kuigusa anwani.

Hujaniuliza hili, lakini sikia: jina fupi la nyongeza iliyoondolewa usimpe mtu mwingine kamwe. Kompyuta zenye nyongeza ya zamani zitaendelea kuomba masasisho kwa jina lile lile, na zitapokea kazi ya mgeni bila kujua.

Kama anwani mbovu umeshazitangaza, zielekeze kwenye mpya kwa msimbo wa seva 301 (umehamia kwingine). Kilichoondolewa kabisa kijibiwe kwa 410 (kimeondolewa), maana 404 (hakipatikani) haisemi kama kiliwahi kuwepo.

Toleo 1.10 linatokea chini ya 1.9. Kwa nini?

Unayapanga kama maneno. Yakate kwenye nukta, ulinganishe kila kipande kama namba.

Msanidi ana kosa dogo tu ndani ya 1.2.0. Nimruhusu abadilishe faili bila kutoa namba mpya?

Hapana. Atoe 1.2.1. Ukiruhusu, watu wawili wataripoti hitilafu za 1.2.0 wakiwa na faili mbili tofauti, na hashi ya SHA-256, yaani alama ya kipekee inayokokotolewa kutoka kwenye faili, uliyoiweka ukurasani (umeiweka, sivyo?) haitalingana na nakala ambazo watu wameshapakua. Faili ikishapakiwa imefungwa.

Ukurasa wa nyongeza uwe na nini?

Kinachosahauliwa zaidi ndicho kinacholeta malalamiko mengi: nyongeza inafanya kazi na toleo lipi la programu mama. Weka visanduku viwili, toleo la chini kabisa linalohitajika na toleo la mwisho lililojaribiwa. Viwe vya kuchagua kwenye orodha. Ukiacha watu waandike wenyewe, utapata "inafanya kazi kote" na hutaweza kuchuja chochote. Kisha tarehe ya toleo la mwisho, ukubwa, nyongeza nyingine inazozitegemea, ruhusa inazoomba, orodha ya mabadiliko na leseni. Bila leseni, fomu isikubali kupokea faili: kazi isiyo na leseni haki zake zote ziko kwa mwandishi, na hata wewe unayeisambaza huna pa kusimamia.

Mwandishi anataka kufuta nyongeza yake. Ni haki yake?

Ya kuificha, ndiyo. Machi 2016 left-pad, kipande cha msimbo chenye mistari 11, kiliondolewa npm (ghala la vifurushi vya JavaScript) na miradi mingi iliyokitegemea ikagoma kujengeka hadi kiliporudishwa. Kwa hiyo itoe kwenye utafutaji, weka tangazo juu ya ukurasa, na matoleo ya zamani yaendelee kupatikana kwa wanaoyategemea. Yenye madhara au yaliyoibwa yaondoe kabisa.

Kukabidhi umiliki ni hatari kuliko kufuta. Mwaka 2018 event-stream, kifurushi kingine cha npm, ilikabidhiwa mtu aliyejitolea kuitunza, akapenyeza msimbo wa kuiba bitcoin. Mmiliki akibadilika, ukurasa useme hivyo waziwazi, na sasisho lake la kwanza likaguliwe na mtu.

Nipange kwa wastani wa nyota?

Ndiyo, lakini kila nyongeza iongezee kwanza kura 10 za kufikirika zenye wastani wa tovuti nzima, ili kura moja isitoshe kuipandisha juu. Wastani huo ukiwa 4, nyongeza yenye kura moja ya nyota 5 inapata 4.09, yenye kura 400 za wastani wa 4.7 inapata 4.68.

Nifungue zip kwenye seva ili niikague?

Ifungue, lakini kwa mipaka. Ile iitwayo 42.zip ina kilobaiti 42 na ikifunguliwa hadi ndani kabisa inafika petabaiti 4.5. Hesabu baiti wakati wa kufungua na ukate zikipita kikomo chako. Usiamini ukubwa ambao faili inajitangazia. Kataa njia yoyote ya faili yenye ../ (yaani panda folda ya juu) kwa sababu itaandika nje ya folda uliyoikusudia. Faili zihifadhiwe mahali ambapo seva haiwezi kuziendesha, na zipakuliwe kutoka kikoa tofauti na kile ambacho watumiaji wanaingilia.